Tone Jekundu Nyuma ya Tangi

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kupanda ngazi kwenda kuvua sare, Chiriku alipitia kwanza karakana ya shangazi yake. Karakana hiyo ilikuwa chini kabisa ya nyumba yao ya ghorofa, mlango wake ukitazama barabara. Ndani mlijaa vyerehani vya kila umri; vingine vimefumuliwa vikabaki mifupa, vingine vimefunikwa vitambaa vikisubiri wenyewe waje kuvichukua. Shangazi alikuwa fundi wa vyerehani, na mikono yake ilinuka mafuta ya mashine hata akiwa ametoka kuoga.

“Shikamoo shangazi! Mbona hiki umekifungua tena, si ulikimaliza jana? Na hii springi ndogo kazi yake nini? Ukiitoa, cherehani hakishoni?”

“Marahaba. Vuta pumzi kwanza, mwanangu, usije ukaishiwa hewa kabla sijakujibu,” alisema Shangazi.

Ndiyo maana nyumbani walimwita Chiriku. Aliuliza akila, aliuliza akipiga mswaki, na baba yake aliapa kwamba siku moja alimsikia akiuliza usingizini. Jina lake lingine lilibaki kwa mwalimu wa darasa na kwenye madaftari tu.

Hata hivyo, kilichomvuta pale karakana si vyerehani. Kwenye kona ya ndani palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na redio. Haikuwa redio ya kusikiliza habari na muziki, bali redio inayosikia na kusema. Shangazi alikuwa na leseni ya kuzungumza na watu wa nchi za mbali wenye redio kama yake. Hawakulipwa chochote. Walifanya hivyo kwa sababu waliipenda kazi hiyo, kama wengine wanavyopenda mpira.

Mmoja wa watu hao alikuwa bibi mmoja mzee, ambaye ndiye aliyemfundisha Shangazi mambo ya redio tangu Shangazi akiwa msichana. Baadaye Bibi alihamia ng’ambo kuishi kwa mwanawe. Kila Jumamosi alasiri alikaa mbele ya redio yake huko aliko, akaita, na Shangazi akamjibu. Lakini antena ya Shangazi ilikuwa waya mmoja tu, uliotoka dirishani mpaka kwenye nguzo ya uani. Mvua kubwa ziliukata. Shangazi aliuunga, lakini haukuwa tena ule wa zamani. Sasa alimsikia Bibi kwa shida, kama mtu anayeongea huku kajifunika blanketi, na Bibi hakumsikia yeye hata kidogo. Kila Jumamosi mzee aliita, akangoja, akaita tena, kisha akanyamaza.

“Labda anadhani nimekufa,” Shangazi alisema siku moja, akacheka. Chiriku aliona kwamba kicheko hicho hakikutoka moyoni.

Basi Shangazi akaamua kununua antena mpya, kubwa, ya kuwekwa juu ya mnara kwenye paa la nyumba. Ilifika ikiwa mabomba membamba yaliyofungwa pamoja. Yalipounganishwa na kulazwa kwenye paa, yalionekana kama mifupa ya samaki mkubwa aliyeliwa akamalizwa. Chiriku aliizunguka antena hiyo akiwa na maswali mpaka Shangazi akamwahidi: “Ikishasimama, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kusema na Bibi. Nitakaa karibu yako, maana leseni ni yangu. Ila ujifunze kusema kisha ukanyamaza, hapo ndipo patakapokushinda.”

Kazi ya kuipandisha antena ilikuwa ya Mama. Kwa watoto wengi, mama ni mtu wa kukuambia ushuke mtini. Mama yake Chiriku alikuwa mtu wa kupanda. Alifanya kazi ya kutengeneza minara ya simu, na alizoea kuona mapaa ya mji yakiwa madogo chini ya viatu vyake. Kaka yake Chiriku, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa akimsaidia wakati wa likizo, tena alijivuna kwa hilo.

Jambo la kwanza Mama alilofanya lilimshangaza Chiriku. Alichukua kamba yenye urefu sawa na mnara pamoja na antena yake, akasimama mahali mnara utakaposimama, akaanza kuizungusha kamba hiyo pande zote za paa.

“Mama, unapima nini?”

“Napima mahali mnara utakapoangukia.”

“Haujasimama bado, utaangukaje?”

“Ndiyo wakati mzuri wa kuuliza,” Mama alisema. “Kwanza unauangusha kichwani mwako, halafu ndipo unausimamisha kwa mikono. Ukiona unaweza kugusa nyaya za umeme za barabarani, unatafuta mahali pengine. Hapa hauzifikii, hata ukilala upande ule.”

Chiriku alizitazama nyaya za umeme, akautazama mnara uliolala, akapima kwa macho.

Mguu wa mnara ulifungwa kwenye zege kwa bawaba yenye bolti nene, ili uweze kuinuliwa. Ijumaa jioni familia nzima ilipanda juu kuusimamisha. Ulikuwa wa vyuma vilivyosukwa kama ngazi yenye pande tatu. Kwenye shingo yake Mama alikuwa amekwisha kufunga nyaya tatu za chuma wakati mnara ungali umelala, na Shangazi akazikagua. Nyaya hizo zingevutwa pande tatu za paa na kufungwa chini, ili mnara usiyumbe upepo ukija. Baba, Mama na Shangazi walivuta kamba iliyopita kwenye kapi, na mnara ukainuka taratibu mpaka ukasimama wima. Baba, ambaye hata kusimama juu ya stuli hakupendi, alivuta kamba huku kafumba macho.

Kaka alipewa kazi ya kufunga ncha za chini za nyaya. Kila waya ulipita kwenye pete ya chuma iliyozama kwenye zege, ukakunjwa, na mkia wake mfupi ukabanwa pamoja na waya wenyewe kwa klampu tatu. Klampu ilikuwa kitu kidogo cha kujaa kiganjani: upande mmoja kitanzi cha chuma chenye nati mbili, upande wa pili kipande kinene chenye mfereji, ambacho Mama alikiita tandiko.

“Tandiko likae kwenye waya mrefu, ule unaobeba mnara,” Mama aliwaambia. “Kitanzi kikae kwenye mkia. Msigeuze.”

“Mbona pande zake hazifanani? Na ukigeuza inakuwaje?” Chiriku aliuliza.

“Kesho nitakueleza. Sasa hivi mikono yangu imejaa mnara.”

Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kazini kwake. Anayefunga hajikagui, kazi yake hukaguliwa na mtu mwingine. Na anayekagua anashika spana, anajaribu kila nati, anatazama klampu ilivyokaa, kisha anachora mstari mwembamba wa rangi nyekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye bolti. Mstari huo ukivunjika, watu watajua nati imezunguka. Rangi yenyewe ilikuwa ya kucha, na ndiyo chupa pekee ya rangi ya kucha aliyokuwa nayo Mama maishani mwake. Shangazi alikuwa akimtania kwamba bolti za mji huu zinapendeza kuliko vidole vya mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa Chiriku. Alikuwa mwembamba, na waya wa tatu ulifungwa nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mtu mzima hawezi kupenya.

Waya wa kwanza aliukagua vizuri. Wa pili pia aliukagua vizuri. Alikaza spana mpaka ulimi ukamtoka nje. Wakati huo Baba alikwisha kufunga kamba yake, na Shangazi alikuwa ameteremka karakana kuiwasha redio ili asikilize kidogo tu. Mara sauti ikapanda juu kupitia dirishani. Ilikuwa sauti ya mwanamume akizungumza lugha ambayo Chiriku hajapata kuisikia, nyororo na yenye mikato ya haraka. Mtu wa wapi yule? Alikuwa anasema nini? Miguu ya Chiriku ilianza kuwasha.

Kaka alijitoa pembeni ya tangi, alikokuwa amelala kifudifudi na kupenyeza mikono nyuma yake. Kiwiko chake kilikuwa kimechubuka.

“Tayari,” alisema akijifuta vumbi. “Nimekaza mpaka basi.”

“Nipe spana nikague.”

“Unanitilia shaka?” Kaka alicheka, lakini alikuwa amechoka na hakuitoa spana mfukoni. “Haya, chora tu mistari yako, giza linaingia.”

Chiriku hakupenda kuonekana anamtilia shaka kaka yake. Tena ile sauti ya dirishani ilikuwa inafifia. Alipenya nusu mwili nyuma ya tangi, akanyoosha mkono, akachora mistari upesi upesi kwenye klampu zote tatu. Brashi ilikuwa imelowa mno, na tone moja likaangukia kwenye mkia wa waya, palepale unapotokeza kwenye klampu ya mwisho. Hakulifuta. Akajitoa.

“Umekagua?” Mama aliuliza.

“Nimekagua.”

“Vizuri,” Mama akasema.

Chiriku akateremka ngazi mbiombio. Alipofika kwenye pazia, yule mtu alikuwa amekwisha kuaga.

Usiku huo upepo ulivuma, mabati ya majirani yakalia. Asubuhi kukawa shwari, jua zuri, na wote wakapanda tena juu ya paa. Mama aliwavisha kila mmoja kofia ngumu, hata Baba, ambaye ilimkaa kama sufuria. Akachora duara kubwa la chaki kuzunguka mnara.

“Nikiwa juu, hakuna mtu kuingia ndani ya duara hili. Spana ikiniponyoka, haiulizi kichwa ni cha nani.” Alisema hivyo ingawa kila spana kiunoni mwake ilikuwa imefungwa kamba.

Kisha akamnyooshea Shangazi mkono. Shangazi akamkabidhi fyuzi ya redio, na Mama akaitia mfukoni akafunga zipu.

“Mbona umechukua fyuzi?” Chiriku aliuliza.

“Ili asitokee mtu akaiwasha redio nikiwa nimeishika antena. Nguvu ya redio hii inaunguza. Ikiwa mfukoni mwangu, sina haja ya kumwamini mtu.”

“Wifi, ukifika huko juu utusalimie mawingu,” Shangazi alimtania.

“Njoo uyasalimie mwenyewe. Wewe na ndugu yako huyu mlivyo waoga, ukoo wenu ungekaa mashimoni.”

“Ndiyo maana tulikuoa,” Shangazi akajibu, na Baba akacheka mpaka kofia ikamfunika macho.

Mama aliuzunguka mnara, akatazama kila waya. Nyuma ya tangi alichungulia kwa pembeni, akaona mistari myekundu, akaridhika. Akavaa mikanda ya usalama mwilini. Mikanda hiyo ilikuwa na kamba mbili fupi zenye kulabu, na Mama alizitumia kwa zamu: moja haikufunguliwa kabla nyingine haijashika. Ki! Kulabu ikashika. Ki! Ya pili ikashika. Akaanza kupanda.

Chiriku alikaa nje ya duara. Pembeni yake palikuwa na boksi la mabaki: kipande cha waya, klampu moja, spana ndogo. Mama alikuwa amesahau kumpa lile jibu lake, na swali lisilojibiwa lilimkaa Chiriku kama mchanga kwenye kiatu. Akaamua kulitafuta jibu mwenyewe. Alikunja kile kipande cha waya, akakibana kwa klampu, tandiko likiwa kwenye upande mmoja na kitanzi upande wa pili, akakaza kwa nguvu zake zote. Kisha akafungua na kutazama.

Upande wa tandiko waya ulikuwa mzima. Mfereji uliupokea vizuri kama kitanda. Upande wa kitanzi nyuzi za waya zilikuwa zimebonyea, na moja imekunjika vibaya.

Kumbe! Kitanzi kinauma, tandiko linashika. Ndiyo maana kitanzi huwekwa kwenye mkia, ambao haubebi kitu. Ukigeuza, unaujeruhi waya uleule unaoushikilia mnara. Chiriku alifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Akageuka ili atazame tena kwa macho mapya jinsi Kaka alivyofunga. Waya wa kwanza: tandiko kwenye waya mrefu. Safi. Wa pili: safi. Wa tatu, nyuma ya tangi...

Alijaribu kukumbuka. Jana alikuwa pale. Aliziona klampu, alizipaka rangi. Tandiko lilikuwa upande gani?

Hakukumbuka, kwa sababu hakutazama.

Mama alikuwa amekwisha kupita theluthi ya mnara, na kila alipohamisha uzito wake, mnara ulitikisika kidogo.

Kulikuwa na sheria nyingine ya Mama. Mtu yeyote, hata awe mdogo vipi, akipaza sauti na kusema “Simama!”, kazi inasimama na anayepanda anateremka. Maswali baadaye. Lakini Chiriku aliwatazama waliokuwa pale. Shangazi alikuwa ameshika kamba ya kupandishia antena, uso wake unang’aa. Alasiri hii angemjibu Bibi. Kaka alikuwa amesimama kifua mbele. Na yeye mwenyewe, Chiriku, alikuwa amelala na maneno yake ya kwanza ya redioni chini ya ulimi. Akisema simama, watamuuliza. Na atajibu nini? Kwamba alisema amekagua ilhali hakukagua?

Akainuka taratibu. Angeenda kuchungulia kwanza, kimyakimya. Zikiwa sawa, hakuna atakayejua. Alitembea hatua chache kuelekea kwenye tangi, kisha akasikia juu yake: ki! Mama alikuwa amepanda tena. Wakati yeye anaficha aibu yake, Mama anazidi kupanda.

“Simama!” Chiriku alipiga kelele. “Mama, simama! Shuka!”

Mama hakuuliza kwa nini. Alitulia palepale, akatazama chini mara moja, akaanza kuteremka polepole kwa kulabu zilezile. Ilionekana kuchukua muda mrefu sana. Viatu vyake vilipogusa zege, ndipo aliposema, “Haya, mwanangu. Sema.”

“Waya wa nyuma ya tangi,” alisema Chiriku. “Sikuukagua. Nilichora tu rangi. Nilikudanganya, Mama.”

“Nilikaza mimi,” Kaka aliingilia, uso umemwiva. “Utatuharibia siku bure.”

“Nyamaza kwanza,” Mama alisema. “Penya, Chiriku. Safari hii chukua spana. Tazama, uniambie unachokiona, si unachokitaka.”

Chiriku alipenya mpaka mwisho, utando wa buibui ukimnasa kwenye nywele. Klampu ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili na ya tatu zilikuwa zimegeuka. Kaka alikuwa amezifunga kwa kupapasa, bila kuona. Nati moja ya klampu ya mwisho ilizunguka kwa vidole vitupu, bila spana. Halafu akaliona lile tone jekundu. Jana liliangukia mahali mkia unapotokeza kwenye klampu. Leo halikuwa tena mahali hapo. Lilikuwa limezama ndani, nusu yake ikionekana nusu imemezwa na chuma. Waya ulikuwa unateleza.

Alitoka na kueleza yote, na machozi yakamtoka bila kuombwa. Baba, aliyeogopa stuli, hakungoja kuambiwa. Alichukua kamba nene akaufunga mnara upande ule kabla mtu mwingine hajasogea.

Kaka naye alipenya pembeni ya tangi akajionea. Aliporudi, kile kifua kilikuwa kimeshuka. “Nilijua atakagua,” alisema kwa sauti ndogo.

“Na mimi nilijua amekaza,” Chiriku alisema.

Mama aliketi juu ya boksi la mabaki, akavua kofia. “Wewe ulimwegemea mdogo wako, na mdogo wako akakuegemea wewe. Na mimi nikaja nikaitazama rangi badala ya kuitazama kazi. Tumekosea watatu,” alisema. Hakupiga kelele, na hilo Chiriku aliliona gumu zaidi.

Walikata ile ncha ya waya iliyojeruhiwa na kuufunga waya upya. Kufikia hapo upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuvuma, na Mama akakata kauli: hakuna kupanda kwenye upepo. Antena ikabaki imelala.

Alasiri, Shangazi aliketi nyuma ya pazia, na Chiriku akakaa miguuni pake. Sauti ya Bibi ikaja kutoka chini ya lile blanketi lake. Iliita. Ikangoja. Iliita tena. Shangazi alijibu mara nyingi, bila kusikika. Kisha kukawa kimya.

“Nisamehe shangazi,” Chiriku alisema. “Ni kwa sababu yangu.”

Shangazi aliizima redio, akampangusa mashavu kwa kidole chenye harufu ya mafuta. “Sikiliza. Afadhali yule mzee adhani nimekufa mimi, kuliko wifi yangu afe kweli. Nyamaza sasa.”

Jumamosi iliyofuata walianza mapema. Kaka alifunga upya kila kilichohitaji kufungwa, na Chiriku alipoinua spana, Kaka mwenyewe alisema, “Kagua. Ukimaliza, kagua tena. Hunitilii shaka, unanisaidia.” Shangazi alipitia waya wa kwanza na wa pili, Mama akampa Chiriku kioo kidogo cha mkononi, na kwa kioo hicho wote waliona hata nyuma ya tangi. Fyuzi ikaingia mfukoni. Ki, ki, ki, mpaka juu. Antena ilipanda kwa kamba ya kapi huku Baba na Kaka wakiishika kwa kamba nyingine ili isigonge mnara, Baba akiwa amefumbua macho safari hii, au angalau moja. Waya mnene wa shaba ulishushwa mpaka ardhini ili radi ikipiga ipate njia ya kwenda zake. Mama aliteremka jua likiwa bado halijawa kali.

Alasiri karakana ilijaa watu watano na vyerehani. Shangazi aliwasha redio, na sauti ya Bibi ikaja bila blanketi, karibu kana kwamba kaketi upande wa pili wa pazia. Shangazi aliisikiliza, akauma mdomo. Kisha akampa Chiriku maiki.

“Mimi? Hata baada ya yale?”

“Niliahidi. Sema, halafu unyamaze.”

Chiriku alibonyeza kitufe. Alitaja herufi zinazokitambulisha kituo cha Shangazi, akasalimia, na kuuliza kama anasikika. Akaachia. Kukawa na mvumo mfupi, halafu kicheko cha mzee.

“Marahaba, mjukuu wangu! Nakusikia wazi kabisa. Nilikuwa nimeanza kuomboleza huku! Nimengoja wiki nyingi. Hata Jumamosi iliyopita niliwaita. Mlikuwa wapi?”

Chiriku aliwatazama waliojaa karakanani. Ingekuwa rahisi kusema ni upepo, na upepo kweli ulivuma. Alibonyeza kitufe.

“Antena ilikuwa ipande siku hiyo, Bibi. Ikashindikana kwa sababu yangu. Niliweka alama kwamba nimekagua waya wa mnara, na sikuwa nimekagua. Mama alikuwa amekwisha kupanda. Ndipo nikasema.”

Akaachia. Safari hii mvumo ulidumu zaidi.

“Mama yako yuko wapi sasa?” Bibi aliuliza.

“Yuko hapa nyuma yangu. Anakunywa chai.”

“Basi uliwahi,” Bibi alisema. “Wengine husema baadaye, na chai ikabaki bila mnywaji. Nami nikuambie jambo la kazi yetu hii, mjukuu wangu. Redioni mtu akikuuliza unamsikiaje, usimwambie vizuri ili afurahi. Mwambie kama ulivyomsikia. Mtu wa mbali hana macho ya kuona ulipo. Ana neno lako tu.”

Chiriku alisikia kikombe kikiwekwa mezani nyuma yake. Mama aliinama, akatia mkono kwenye mfuko wa kazi, akatoa ile chupa ndogo ya rangi ya kucha.

“Na aliye juu ya mnara ni hivyohivyo,” Mama alisema. “Nikiwa kule juu siwezi kuona nyuma ya tangi. Nina mstari wako tu. Kumkagua mwenzako si kumdharau, ni kumpenda. Na ukisema umekagua, uwe umekagua kweli, maana kuna mtu ataning’inia kwenye neno hilo.” Akamwekea chupa kiganjani na kukifumba. “Itunze wewe. Kuanzia leo sipandi mpaka uniambie nipande.”

Chiriku aliishika chupa kwa mkono mmoja na maiki kwa mkono wa pili, na ng’ambo Bibi akawa anaita, akitaka kujua kama yule mtoto bado yupo.